Nyumba Moja, Alama Moja

Jumatatu, 6 Oktoba
Asubuhi: mawingu mazito, upepo kidogo. Mvua imeanza saa moja na dakika ishirini.

Baba mkwe amefika saa nne. Mume wangu amembeba mgongoni kutoka barabarani hadi mlangoni kwa sababu ya matope, na njia nzima mzee alikuwa akitoa amri. "Kulia! Huko kuna dimbwi. Mimi nilikufundisha kutembea, leo wewe unanipitisha majini?" Mume wangu ni fundi bomba, maji ameyazoea. Hajazoea kuvuka maji na mzigo unaosema.

Mpango ni ule tuliokubaliana na wifi yangu. Kiharusi kilimshika Baba mwezi wa saba. Mkono na mguu wa kulia havisikii, na mdomo umekwenda upande. Hospitali yenye mazoezi ya viungo iko karibu na kwetu, kwa hiyo atakaa hapa msimu wote wa mvua. Jumamosi ya tarehe 22 Novemba wifi atakuja na gari amchukue, akaishi kwake moja kwa moja. Zimebaki siku 47. Nimeitia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya jikoni.

Siandiki hesabu hii kwa chuki. Mimi nikijua mwisho wa jambo, naweza kulibeba.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Misa ya asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu, na kwa miaka tisa nimeikosa kwa uzazi na kwa malaria tu. Uji wa Baba ni saa hiyo hiyo.

Jumanne, 7 Oktoba
Manyunyu tangu alfajiri.

Shuka mbili, fulana tatu, suruali mbili. Hakuna kilichokauka. Misa sikwenda. 46.

Jumatano, 8 Oktoba
Jua limechungulia saa tano kama mgeni aliyekosea nyumba, likaondoka.

Chumba cha mbele ndicho chumba changu cha kushonea, na sasa ndicho chumba cha kulala cha Baba. Kitanda chake kiko mkabala na cherehani. Kamba za nguo zimepita juu yetu sote, kwa hiyo mteja akiingia kupima gauni huinama chini ya shuka, anamsalimu mzee, anapimwa, anainama tena.

Leo nilipiga pasi vitambaa vya altare. Hiyo ni kazi yangu parokiani, na sijawahi kumwachia mtu. Nafua, napiga pasi, nakunja, na vikichakaa nashona vipya. Baba alinitazama kama robo saa, kisha akasema:

"Mkwe, hiyo pasi ina homa?"

"Kwa nini, Baba?"

"Naona unaibembeleza. Kandamiza! Kitambaa hakilii."

Nilikuwa nimesahau. Mzee huyu alikuwa dobi kwa miaka thelathini na minane. Mkono ule uliolala juu ya blanketi kama samaki aliyevuliwa ulipiga pasi mashuka ya hoteli nzima.

45.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua ya mawe kidogo, kisha utulivu.

Nimekwenda Misa ya pili, nimerudi mbio. 41.

Jumatano, 15 Oktoba
Mvua. Sebuleni kunavuja pembeni pale pale pa mwaka jana. Mke wa fundi anayeziba mabomba ya mji mzima ni mimi, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, nimeweka ndoo.

Leo nimemaliza kukata vitambaa vipya vya kalisi, vile ambavyo padri hufutia kikombe cha divai baada ya komunyo. Nimepata kumi na viwili. Kitambaa kikabaki, na kutupa siwezi, kwa hiyo nikakata vingine sita kwa karatasi ile ile ya kipimo, viwe vya Baba vya mdomo. Udenda unamsumbua, na kanga zangu zinamkwaruza kidevu. Vya kanisa nitavitia msalaba wa uzi mwekundu vikishafuliwa mara mbili tatu, maana kitambaa kipya kikifuliwa hujikunja na msalaba ungepinda.

Nilipomfunga cha kwanza shingoni alijitazama.

"Nimekuwa mtoto."

"Mtoto ana nywele, Baba."

Akacheka mpaka kikaloa, nikambadilisha.

Jioni akaniuliza kama nimetia alama. Nikamwuliza alama gani. Akashangaa kama vile nimesema sijui kuosha vyombo. Dobi, anasema, kabla nguo haijagusa maji huitia alama ndogo ya wino upande wa ndani, nukta na mistari, na kila nyumba ina yake. "Dobi asiyetia alama mwisho huvaa suruali ya mteja."

"Kila mtu na alama yake?"

"Kila nyumba! Nyumba moja, alama moja. Ukianza kumpa baba alama yake na mama alama yake, umewaachanisha kabla ya hakimu."

Nikamwambia vitambaa vya Bwana havitiwi wino. Akasema, "Haya. Bwana na akuongoze." Kikopo chake cha wino na kalamu viko kwenye mfuko wake wa dawa. Amevibeba mpaka huku, mtu asiyeweza kufunga kifungo.

38.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mvua.

Jioni jumuiya walikuwa wakisali rozari nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huu ni mwezi wa rozari, na mimi sijahudhuria hata siku moja. Niliwasikia wakiimba huku nageuza godoro. Nikipiga magoti usiku nasinzia kabla ya fumbo la pili. Siku hizi najiona kama mtu aliyeachishwa kazi na Mungu, akapewa ndoo.

Asubuhi nilikuwa nikimlisha uji. Kijiko kimoja, unangoja ameze, unafuta, kingine. Dakika arobaini. Kengele ya Misa ikalia, nami nikatazama saa ya ukutani. Baba akafunga mdomo.

"Na saa ile nayo inakula?"

"Hapana, Baba."

"Basi tumalize sisi kwanza."

36.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mvua imesimama tangu saa tatu hadi saa nane! Nimeanika kila kitu, hata zulia.

Niliporudi kutoka uani na kapu la nguo, Baba alikuwa amevuta kitambaa kimoja mapajani, anakikunja kwa mkono wa kushoto. Anakibana kwa kiwiko cha mkono mbovu, analaza, ananyoosha kwa kiganja, kunja tatu, geuza, kunja tatu. Kilimchukua dakika sita. Kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Mwanangu wa mwisho, msichana wa miaka minane, akapiga makofi. "Babu umeweza!"

"Mchumba, hujaona kitu. Ngoja huu wa kulia uamke, nitakukunja na wewe."

Vyote kumi na vinane alivikunja, vya kwake na vya kanisa. Nikavipanga kapuni, vya kanisa upande huu, vya kwake upande ule. Hospitalini mtaalamu wa mazoezi amesema hiyo kazi ni bora kuliko mpira wake wa kuminya.

Nikamwambia mume wangu usiku. Akasema, "Nilidhani hatashika kitu tena." Akaenda uani kuangalia bomba lisilo na tatizo lolote.

33.

Alhamisi, 23 Oktoba
Mvua. 30. Baba amekunja.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mvua kubwa kuliko zote. Umeme umekatika saa kumi jioni.

Saa moja jioni sakristani amekuja amelowa chapachapa. Ni yule ambaye parokia nzima inamwita Kengele, kwa sababu sauti yake haina neno la chini. Maji yameingia kabati la sakristia, vitambaa vyote vimelowa, na kesho Misa ni tatu.

"Nipe vinne!"

"Havina msalaba bado."

"Mungu anajua vya kwake, dada! Nipe vinne niondoke, mwavuli wenyewe umegeuka!"

Baba alikuwa amekaa na kapu, amemaliza kukunja gizani. Akasema, "Vya juu hivyo, mkwe, mkunjo wake umekaa." Nikachukua vinne vya juu, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni, Kengele akaondoka navyo akipiga kelele za shukrani hadi kona.

28.

Jumapili, 26 Oktoba
Mawingu. Misa ya pili. Nilivitazama vitambaa vyangu pale altareni nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 27 Oktoba
Asubuhi: ukungu, kisha mvua nyembamba ya kuchosha.

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa tatu Kengele ameleta kapu la kufua. Maji ya kwanza huwa anasuuza mwenyewe na kuyamwaga kwenye udongo wa maua, kwa heshima ya Damu ya Bwana, ndipo vinakuja kwangu. Nikavitandaza kimoja kimoja mezani. Cha tatu kilikuwa na doa hafifu la divai katikati. Kwenye pindo, upande wa ndani, palikuwa na nukta mbili za wino mweusi na mstari mfupi kati yake.

Mimi sikutia alama yoyote.

Nikavihesabu vya Baba vyenye alama hiyo. Vilikuwa vitano. Nikamwendea, nikageuza pindo la kile kilichokuwa shingoni mwake. Hakikuwa na alama. Nikaelewa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kitambaa cha udenda kilifuta kalisi mbele ya waamini wote, nami tangu Jumamosi nimekuwa nikimfuta Baba mdomo kwa kitambaa cha altare.

"Baba, alama hii umeitia wewe?"

Akatazama kile kitambaa. "Ndiyo. Vya kwangu nimevitia. Vya kanisa sikugusa, ulikataza." Kisha akaliona doa. Nilimwona akilielewa. Mtu aliyetazama madoa miaka thelathini na minane hahitaji kuambiwa divai ni ipi. "Kilikwenda?"

"Kilikwenda."

"Umeme ulikuwa umekatika," akasema taratibu. "Nilikuwa napanga kwa vidole. Cha kwako ni kigumu, cha kwangu kimelainika, nilidhani nitajua. Vidole vya kushoto havijui bado, mkwe. Vile vya kulia vingejua."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Baba, naomba usiguse tena vitu vya kanisa."

Nilisema kwa sauti ya chini. Afadhali ningepiga kelele. Kelele mtu huziweka kwenye hasira, lakini neno la chini huonekana limepimwa.

Akaondoa mkono wa kushoto kwenye kapu, akauweka juu ya ule wa kulia, kama anaufunika usisikie.

Mchana nilipita na supu. Alikuwa amegeukia ukuta. "Miaka thelathini na minane," aliuambia ukuta, "sijabadilisha nguo ya mteja hata soksi. Nikafunga duka na jina langu. Leo nimepeleka udenda wangu kwa Mungu."

Supu imepoa.

Hesabu leo sitaki kuiandika.

Jumanne, 28 Oktoba
Mvua. Baba amekula vijiko vinne.

Jumatano, 29 Oktoba
Mvua.

Vijiko vitatu. Hakunja. Hakunitania. Mwanangu alimwambia, "Babu, mchumba wako nimerudi kutoka shuleni," akasema, "Karibu, mama," kama anavyowaambia watu wazima. Mtoto akaja jikoni akaniuliza nimemfanya nini.

Usiku Baba amemwomba mume wangu simu, akaongea na binti yake. Wifi atapata gari Jumamosi ya tarehe 8, majuma mawili kabla ya mpango.

Mume wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Amesema anakuchosha." Nikamwambia, "Nani kamwambia ananichosha?" Akatazama kalenda ya jikoni, halafu akaenda kunawa.

Siku ile nimeingoja kama mfungwa anavyongoja lango. Sasa imesogezwa karibu, na nimeunguza wali wa usiku.

Alhamisi, 30 Oktoba
Asubuhi: hakuna mvua, barabara inang'aa.

Nimekwenda kwa Paroko baada ya Misa. Uji nilimwachia mume wangu. Sikuweza kupiga foleni ya maungamo na lile jambo kifuani, kwa hiyo nilimfuata ofisini, na kitambaa kimefungwa ndani ya karatasi. Nikasema yote: udenda, umeme, Kengele, alama, maneno yangu.

Padri wetu ni mtu wa pole pole. Alikifungua, akakishika kwa vidole viwili, akakisugua.

"Kumbe ni hiki."

"Uliona, Padri?"

"Sikuona kitu. Nilishika. Mama, niseme ukweli? Vitambaa vyako vipya ni kama karatasi. Unafuta kalisi, divai inakimbia kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Jumapili nilipofika Misa ya tatu nikapata kimoja kikakausha mara moja. Nikasema, leo fundi amepatia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya kimoja nikamalizia na kingine.

"Kilikuwa safi?" akauliza.

"Nilikichemsha, nikakipiga pasi mwenyewe."

"Basi hapakuwa na kufuru. Dhambi haipotezi njia gizani, mama, mtu huiendea akiiona. Hiki kibaki cha altare, ukitie msalaba. Ila lile neno ulilomwambia mzee, hilo ulilisema umeme umerudi."

Nikaungama pale pale. Nikamwambia pia la Misa ya asubuhi, na la magoti yanayosinzia, na kwamba naona Mungu amenisahau kwenye ndoo.

Akanipa toba. Nilitegemea rozari nzima.

"Juma moja usije Misa ya asubuhi. Jumapili uje. Siku nyingine mlishe mzee uji bila kutazama saa."

"Ndiyo hiyo tu, Padri?"

"Jaribu kwanza, halafu uniambie kama ni 'tu'."

Ijumaa, 31 Oktoba
Mvua imerudi, lakini ya upole.

Ili nisidanganye nimeigeuza saa ya ukutani, uso wake ukatazama ukuta. Mwanangu ameuliza saa imefanya kosa gani.

Nikakaa na bakuli. Kijiko, ngoja, futa. Kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama, nikamtazama yeye. Nimemlisha siku ishirini na tano bila kujua kwamba hufumba macho kila anapomeza, kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Anaogopa kupaliwa. Kila kijiko anaogopa, na kila kijiko anafungua tena mdomo, kwa sababu mimi ndiye niliyekishika.

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri; yaliyotoka ni, "Baba, nilikosa, nisamehe." Kisha nikamweleza alichosema Padri, kwamba katika vyote ni kile chake tu kilichokausha.

Akafungua macho.

"Bila shaka," akasema. "Kitambaa kipya hakinywi. Kinataka kufuliwa mara ishirini, thelathini, ndipo kikubali maji. Dobi yeyote anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Huo ndio mjadala wa kwanza tangu Jumatatu. Nilitaka kumbusu.

Alikula bakuli lote. Ilichukua muda gani sijui, saa ilikuwa imetazama ukuta.

Jumapili, 2 Novemba
Mvua. Misa ya kuwaombea marehemu wote.

Niliporudi, Baba ameniuliza kama nimemtaja mama mkwe. Nimemtaja. Sikumwahi, alikufa mwaka mmoja kabla sijaolewa.

"Alilala kitandani miezi mitano," Baba akasema. "Nilimfulia mwenyewe. Binti yangu alitaka, nikakataa. Mimi si mtu wa kanisa sana, unajua, mimi ni Mkatoliki wa Krismasi. Lakini mama yenu alipenda rozari na hakuwa na sauti tena. Nami yale mafumbo siyajui, yananichanganya. Basi nikawa nasema Salamu Maria moja kwa kila nguo. Shuka, Salamu Maria. Foronya, Salamu Maria. Akichafua sana siku hiyo, tunasali sana. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka."

Nikaendelea kukunja. Baadaye nikagundua mdomo wangu unacheza.

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua kubwa. Shuka tatu, fulana mbili, suruali, sare ya shule, vitambaa vitano vya Baba, vya kanisa kumi na viwili. Salamu Maria ishirini na nne. Sikusinzia hata moja, maana ukisinzia na pasi mkononi unaungua.

Jumatano, 5 Novemba
Mawingu, upepo.

Nimemwekea Baba kapu mapajani. Hakuligusa. "Ulisema nisiguse."

"Nimekwisha omba radhi, Baba."

"Nimekwisha samehe. Ila mtu mzima akikatazwa mara moja, hahitaji mara mbili."

Nikamwomba basi abaki hadi tarehe ya mwanzo, amalize mazoezi. Akatikisa kichwa. Alishampa binti yake neno, na neno halitapikwi.

"Halafu, mkwe, mimi naona mpaka jikoni. Mkono ndio uliolala, macho hayakulala. Kalenda ya jikoni umeitia duara jekundu tarehe ishirini na mbili. Kwenye kalenda nyekundu ni sikukuu."

Alisema bila uchungu, kama anayetaja doa lilipo ili lisuguliwe.

Ijumaa, 7 Novemba
Mvua nyembamba. Nimelifuta lile duara kwa sabuni ya unga, karatasi imetoboka. Sasa kalenda haina tarehe 22, na nyuma yake inaonekana Desemba.

Kesho anaondoka.

Jumamosi, 8 Novemba
Asubuhi: jua! Jua kamili, tangu saa moja, na ndege wote wamepata habari.

Wifi amefika saa tano na gari la jirani yake. Wifi yangu ana mikono ya haraka na moyo mkubwa, aliingia, akamkumbatia baba yake, akamkagua kama anayenunua nazi, akasema, "Umenenepa! Wifi, umempa nini?" Kisha akakunja mikono ya blauzi aanze kufungasha.

Nguo zote zilikuwa kwenye kamba na kapuni, kwa sababu ya jua nilikuwa nimeanika za nyumba nzima. Wifi akasimama katikati.

"Zipi za Baba?"

"Zina alama," nikamwambia. "Nukta mbili na mstari kati yake, pindoni."

Akachukua shati, akageuza. "Hili." Akaliweka kwenye mfuko wa safari. Lilikuwa shati la kazi la mume wangu, na doa la grisi begani.

"Hilo si lake, wifi."

"Lina nukta mbili na mstari."

Nikageuza mwenyewe. Ndiyo. Nikachukua sare ya mwanangu, nukta mbili na mstari. Shuka letu. Taulo. Kilemba changu cha Jumapili. Aproni yangu ya kushonea, ile niliyoivaa kila siku mwezi mzima, upande wa ndani wa mfuko: nukta mbili, mstari. Nukta hazikulingana, moja kubwa moja ndogo, kama zinavyowekwa na mkono wa kushoto unaojifunza.

Baba alikuwa akitazama dirishani kwa makini makubwa.

"Baba," nikasema, "hizi umezitia lini?"

"Zamani."

"Lini?"

"Juma lile la kwanza kukunja. Ulikuwa hospitalini kuchukua dawa zangu. Mchumba wangu alinishikia kikopo."

Mwanangu akaingia chini ya cherehani.

"Na hii ni alama ya nani?"

"Ya nyumba," akasema. "Nilikuambia. Nyumba moja, alama moja."

Wifi alikuwa bado ameshika shati la kaka yake. Akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akaelewa jambo ambalo sisi wawili tumelizunguka siku kumi.

"Sasa nifungashe nini hapa?" akasema. "Nikichukua za alama, nawaacha uchi nyote."

"Usifungashe kitu, wifi," nikasema. Halafu nikamgeukia Baba, maana jambo kama hili mtu huambiwa usoni. "Baba, nakuomba ubaki. Si mpaka tarehe ishirini na mbili. Tarehe nimeifuta, tazama pale jikoni, pametoboka. Ubaki tu."

"Nimeshampa binti yangu neno."

"Nakurudishia!" wifi akadakia. "Chukua neno lako, Baba, mimi nitakuwa nakuja kula Jumapili."

"Utakuchosha, mzigo huu," Baba akaniambia.

"Utanichosha," nikasema. "Na vitambaa vya kanisa nani atavikunja kila nikivifua, hadi vinywe? Bado mara ishirini na sita."

Akaangalia mkono wake wa kushoto. Akaunyoosha kuelekea kapuni, taratibu, akasimamisha vidole hewani juu ya nguo.

"Nimeruhusiwa?"

"Umeruhusiwa, Baba."

Akachukua cha kwanza. Kunja tatu, geuza, kunja tatu.

Mume wangu aliporudi saa kumi alikuta gari limeondoka na mzee amekaa palepale chini ya shuka. Alisema bomba la uani linahitaji kuangaliwa, akakaa huko robo saa.

Jioni nimetia msalaba. Vipya vyote vitangoja, vimebakiza kufuliwa. Nimeanza na kile kimoja kilichokausha. Nimeushona msalaba mwekundu katikati, na alama ya pindoni nimeiacha. Paroko hakuniambia niifute, na wino wa dobi haufutiki. Kesho kitakuwa mezani pa Bwana na nukta zake mbili, moja kubwa moja ndogo.

Kila mchomo wa sindano nilitaka niseme Salamu Maria, Baba akanizuia. "Moja kwa kila nguo, mkwe. Usimchoshe."

Nimeigeuza saa ya ukutani itazame chumba tena, ili niandike sawasawa. Ni saa tatu na dakika hamsini. Baba anasema dobi halali na pasi ya moto mezani. Nimeichomoa. Nimemfuta mdomo, nimemgeuza upande wa kushoto kama apendavyo. Nalala.